Huzuni Haipimwi kwa Kukawia

Imezoeleka miongoni mwa wapenzi wa muziki, na hata miongoni mwa baadhi ya waalimu wake, kuamini kwamba utungo ukipigwa taratibu, na ufunguo wake ukawa wa maina badala ya meja, basi huzuni imekwisha kupatikana, na kwamba kadiri mwendo unavyozidi kupunguzwa ndivyo simanzi inavyozidi kuwa nzito na muziki unavyozidi kustahili taadhima. Imani hiyo naipinga. Madhara yake si madogo, kwani imewazoesha wapigaji kupunguza mwendo bila ya kuwa na kitu cha kuweka ndani ya nafasi waliyoipata, na imewazoesha wasikilizaji kusinzia mahali ambapo mtunzi alitaka wakeshe. Shahidi ninayemwita ni ala moja ya Ulaya ya zamani, viola da gamba, ambayo watunzi walipenda kuipa kazi ya kusema maneno ya mwisho: maneno ya buriani, maneno ya kaburini, maneno ya mtu aliyebaki peke yake.

Ala hii hubanwa baina ya miguu ya mpigaji, bila ya kuegemezwa chini, na kwa mbali yaweza kudhaniwa kuwa ni sello, lakini tabia yake ni nyingine kabisa. Sello ina nyuzi nne; viola da gamba ina sita, na Wafaransa wa karne ya 17 wakaongeza wa saba, uzi mnene wa chini, nyongeza ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya Sainte-Colombe, mwalimu mashuhuri wa Paris. Nyuzi hizo ni za utumbo wa kondoo. Shingoni mwa ala hufungwa vipande saba vya utumbo uo huo, na kidole hubana uzi nyuma ya kipande, kwa hiyo kila noti, hata ile iliyobanwa, hutoka na uwazi unaokaribia ule wa uzi usioguswa. Uta hushikwa kiganja kikiwa kimeelekea juu, na kidole cha kati hugusa nywele za uta zenyewe, kikizikaza na kuzilegeza wakati ule ule sauti inapotoka. Mpigaji, basi, anaishika sauti yake kwa mkono mtupu, na uzi wa utumbo haumruhusu kuisahau hata kidogo: sauti huzaliwa ndogo, huvimba, kisha hufifia, na atakaye kuirefusha kupita kadiri bila ya kuitunza huambulia mkwaruzo. Msikilizaji wa pwani yetu naye asidhani kwamba anaingia nyumba isiyomhusu. Uta uliingia Ulaya kutoka nchi za Kiislamu na Bizanti, na wanahistoria wa ala wanatuonyesha viola da gamba ikitokea Hispania mwishoni mwa karne ya 15, ikiwekwa wima mapajani kama rababu ya Waarabu ilivyokuwa ikiwekwa huko Andalusi.

Na tuutazame ufunguo kwanza, kwa kuwa ndio unaosemwa sana na kufahamiwa kidogo. Kiasi cha mwaka 1690 mtunzi wa Kifaransa, Marc-Antoine Charpentier, aliandika orodha ya funguo na tabia zake: D meja kwake ilikuwa ya furaha na ya kivita sana, D maina ya utulivu mzito na ya ibada, B maina ya upweke na majonzi, E maina ya mapenzi na malalamiko. Mwaka 1713 Johann Mattheson wa Hamburg akachapa orodha yake, naye akasema kwamba E maina ni ya fikira nzito na ya huzuni, ila huzuni yake haimkatishi mtu tamaa ya kufarijiwa. Wataalamu hawa na wenzao hawakukubaliana katika kila ufunguo, wala hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha wakubaliane. Waliokulia karibu na kanuni na udi za Unguja, ambako kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905, hawatalishangaa jambo hili, kwani wanajua kwamba maqamu ya Saba haichaguliwi kwa kusudio lile lile la Rasti, na kwamba fundi anapoanza taksimu yake sikio la mwenye kujua huwa limekwisha kuandaliwa kwa hali fulani kabla ya mwimbaji kutamka neno.

Lakini tabia hiyo ya ufunguo hutoka wapi? Wako wanaodhani kwamba imo katika sauti yenyewe, katika idadi ya mitetemo. Haiwezekani. Katika vyumba vya Paris zama za Louis wa 14, ala zililinganishwa chini ya kipimo cha leo kwa karibu hatua nzima, A yao ikiwa kiasi cha mitetemo 392 kwa sekunde mahali petu pa 440. Kwa hiyo E maina waliyoisikia wao ndiyo D maina ya piano ya leo, na lau tabia ingefungwa katika mitetemo, orodha zote zile zingekuwa zimekwisha kuharibika. Kwa rai yangu jibu limo katika nyuzi. Nyuzi saba za viola da gamba ya Kifaransa, kutoka chini kwenda juu, ni A, D, G, C, E, A, D. Mpigaji akiwa katika D meja au D maina, nyuzi nne kati ya saba ni za nyumbani, D mbili na A mbili, na hata uta usipozifikia hutetemeka zenyewe, ala nzima ikawa inaitikia. Akiwa katika E maina, anao uzi mmoja tu wa nyumbani ulio wazi, nao uko karibu na katikati ya ala, na G ya kuuunga mkono. Akiwa katika B maina, hana hata mmoja: kila arudipo nyumbani hana budi kuibana B kwa kidole, na sauti yake hutoka imefunikwa, ya karibu, haina mwitiko. Upweke ambao Charpentier aliuandika kwa wino waweza kusikika katika mbao na utumbo.

Haya yamo wazi katika utungo mmoja wa Johann Sebastian Bach. Tarehe 7 Aprili 1724, siku ya Ijumaa Kuu, katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, ilisikiwa kwa mara ya kwanza Johannes-Passion, masimulizi ya mateso ya Yesu kwa mujibu wa Injili ya Yohana. Yesu anapokwisha kusema neno lake la mwisho msalabani, kwa sauti inayoshuka daraja baada ya daraja, viola da gamba inalipokea neno hilo hilo na kulirudia pasi na maneno, ikisindikizwa na ala za besi peke yake, kisha mwimbaji wa alto anaingia na kuliimba naye. Bach aliandika juu ya karatasi: molto adagio, yaani taratibu sana. Ufunguo ni B maina. Noti ndefu inafuatwa na fupi, ndefu tena na fupi tena, na kila kishazi kinainama kuelekea chini, kikipumzika kidogo kabla ya kuanza upya. Hapana ala nyingine inayojitokeza kuisaidia. Katika kanisa lililojaa watu, mtu anasikia uzi mmoja ukisemeshwa.

Kisha mlango unafunguliwa. Ufunguo unageuka kuwa D meja, mwendo unakuwa wa haraka, fidla zote zinaingia, na mwimbaji anatangaza ushindi wa shujaa wa Yuda kwa sauti zinazopanda kama za tarumbeta. Huu ndio ufunguo wa kivita wa Charpentier, ingawa sina sababu ya kudhani kwamba Bach aliisoma orodha yake. Ushindi huo haudumu: katikati ya furaha, kabla ya mambo kufungwa sawasawa, unakatika ghafla, na B maina inarudi na utaratibu wake wa kwanza, na viola da gamba inamaliza ilichokianza. Muda mfupi baadaye msimulizi anaeleza kwamba Yesu aliinamisha kichwa na kukata roho.

Sasa tazama lile linalotendeka iwapo mpigaji ameshika imani niliyoitaja mwanzo. Ataivuta kila noti ya sehemu ya kwanza kwa uzito mmoja, uta wake ukitembea bila ya kuvimba wala kufifia, akidhani kwamba anatoa heshima. Na sikio, ambalo lingepaswa kukifuata kishazi kutoka juu kwake mpaka chini kwake, litasahau mwanzo wake kabla ya kufika mwisho wake. Hapo neno la Yesu halisikiki tena kama neno. Zinasikika noti moja moja, kila moja na msiba wake. Na ushindi unapoingia unakuwa kama wimbo wa watu wengine waliokuwa wakipita njia, haukutoka ndani ya huzuni ile, ilhali Bach ameupanga utoke humo humo, katika nyuzi za D ambazo B maina ilizinyamazisha kwa muda. Simanzi ya sehemu ya kwanza inaitegemea furaha ya pili, na hakuna idadi ya dakika itakayochukua mahali pa uhusiano huo.

Wala ufunguo wa maina si sharti la msiba. Bach huyo huyo, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika kantata ya maziko ijulikanayo kwa jina la Actus tragicus, na akaianza kwa sonatina ya filimbi mbili na viola da gamba mbili, molto adagio vilevile, katika E-flati meja. Filimbi zinapeana noti kwa upole, viola zinatembea chini yake kwa hatua za sawa, na mtu anaambiwa habari ya kifo pasi na kutishwa. Anayetaka kuthibitisha kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni atapata taabu kubwa kuieleza sonatina hii.

Ambaye nina hamu zaidi ya kumzungumzia ni Marin Marais, kwa sababu yeye hakuwa na maneno ya Injili ya kumsaidia. Alizaliwa Paris mwaka 1656, mwana wa fundi wa viatu. Mwaka 1679 akapata nafasi katika wanamuziki wa chumba cha mfalme, na kati ya mwaka 1686 na 1725 akachapa vitabu vitano vya viola vyenye tungo zinazokaribia 600. Mwandishi Titon du Tillet alisimulia mwaka 1732 jinsi Sainte-Colombe, alipoona kwamba mwanafunzi huyu angeweza kumpita, alivyoacha kumfundisha baada ya miezi sita, na jinsi Marais alivyojibanza chini ya kibanda cha mbao kilichojengwa mtini, ambamo mwalimu alikuwa akijifungia kupiga, ili asikilize na kuiba siri za uta wake. Mwanafunzi huyo ndiye aliyeandika baadaye maombolezo ya mwalimu wake, katika utungo wa aina ambayo Wafaransa waliiita tombeau, na kuuchapa katika kitabu cha pili mwaka 1701. Ndani ya kitabu hicho hicho yamo maombolezo mengine, ya Lully, mtunzi mkuu wa mfalme aliyefariki mwaka 1687. Lully ameliliwa katika B maina. Sainte-Colombe ameliliwa katika E maina, ufunguo wa mapenzi na malalamiko, ambao uzi wake mmoja ulio wazi unajibu kutoka karibu na katikati ya ala. Wajuzi waweza kusema kwamba ni bahati nasibu. Mimi naona kwamba mtu aliyeijua ala yake kwa kiasi kile hakuchagua nyumba ya huzuni kwa kubahatisha.

Vitabu vya Marais vinatufundisha jambo ambalo orodha za funguo haziwezi kulifundisha, kwa kuwa vimejaa alama ndogo ndogo zilizochapwa kwa uangalifu mkubwa. Mstari wa mawimbi humwambia mpigaji autikise uzi kwa kidole kimoja, jambo waliloliita malalamiko. Alama nyingine humwambia alaze vidole viwili vilivyoshikana, cha pili kikiugusa uzi na kuuachia kwa wepesi, sauti ikatetemeka kwa ndani. Na katika kitabu cha tatu, cha mwaka 1711, akaeleza herufi e iwekwayo juu ya noti, kwamba hapo uta uvimbishe sauti, mwanzoni mwa noti au katikati au mwishoni, kwa kadiri alama ilivyowekwa. Fikiri maana yake: noti moja, ambayo mtu asiyejua angeiona kuwa ni ndefu na tupu, ina mahali pake pa kuvimba, mahali pake pa kutetemeka na mahali pake pa kuachiwa. Mwendo wa taratibu umewekwa ili kazi hii yote ipate wasaa. Marais aliuhitaji muda kwa sababu alikuwa na mambo mengi ya kusema ndani yake, na mpigaji anayeuchukua muda huo akayaacha mambo yenyewe amechukua amana na kuitupa.

Mwaka 1991 filamu ya Alain Corneau, Tous les matins du monde, ambayo muziki wake ulipigwa na kuongozwa na Jordi Savall, ilizipeleka habari za Marais na Sainte-Colombe kwa watu ambao hawakuwahi kusikia jina la ala hii, na kwa hilo wanastahili shukrani isiyo na masharti. Hata hivyo imebaki katika fikira za wengi sura ya viola da gamba inayolia tu, usiku na mchana. Marais aliandika pia ngoma za kuruka, nyimbo za wachungaji, na katika kitabu chake cha mwisho akaandika hata utungo unaosimulia, hatua kwa hatua, upasuaji wa kutoa jiwe kibofuni. Mwenzake Antoine Forqueray alisifiwa kwa moto wake, na Hubert Le Blanc, katika kitabu cha mwaka 1740 cha kuitetea ala hii, alimlinganisha Marais na malaika na Forqueray na shetani. Huzuni ya mtu aliyeweza kucheka ndiyo inayotuuma tunapoisikia.

Na kuhusu mwendo wenyewe, insafu yanilazimu niseme kwamba wazee hawakukimbia. Johann Joachim Quantz, mwalimu wa filimbi wa Mfalme Frederick wa Prussia, alitoa mwaka 1752 kipimo ambacho kila mtu anacho mwilini: mapigo ya mshipa, yapata 80 kwa dakika. Katika mizani ya mapigo manne, alisema, adagio ya kuimbika ipewe pigo moja la mshipa kwa kila nusu ya pigo la muziki, na adagio nzito sana ipewe mawili. Hesabu yake ni hii: hatua moja ya mizani huchukua sekunde 6 katika ile ya kwanza, na sekunde 12 katika ile ya pili. Sekunde 12 ni nyingi! Lakini Quantz huyo huyo alitenga sura nzima kufundisha jinsi adagio inavyojazwa, ni noti gani ivimbishwe na ipi ififishwe, wapi papambwe na wapi paachwe, na mtu aliyeisoma hawezi tena kudhani kwamba mwendo wa taratibu ni mahali pa mapumziko kwa mpigaji. Ni mahali pa kazi ngumu kuliko allegro yoyote.

Aliyelijua hili mwisho, kabla ya ala kunyamaza, alikuwa Carl Friedrich Abel, Mjerumani aliyehamia London na kufariki huko tarehe 20 Juni 1787. Charles Burney, mwanahistoria wa muziki aliyemsikia kwa masikio yake, aliisifu adagio yake kupita mambo yake mengine. Zimebaki tungo zake za viola da gamba peke yake, katika hati iliyohifadhiwa leo katika Maktaba ya Umma ya New York, na baadhi yake ziko katika D maina, ufunguo ule wa ibada ambao nyuzi nne zinauitikia. Huzuni yake husemwa kwa sauti kamili, haijifichi kama ile ya B maina ya Bach, na hapo mtu anaona wazi kwamba maina mbili si jambo moja. Baada ya Abel ala ilikaa kimya karibu miaka mia, mpaka Arnold Dolmetsch alipoirudisha Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, na shule ya Schola Cantorum iliyofunguliwa Basel, Uswisi, mwaka 1933 ikaanza kuifundisha tena kwa utaratibu.

Nayasema haya kwa waalimu wa kwaya hasa, ambao katika nchi zetu ndio wanaoamua, kila juma na kila mazishi, mwendo wa huzuni uwe upi. Kabla ya kupunguza mwendo, mwalimu awaambie waimbaji wake wayasome maneno kwa sauti ya kawaida, asikilize mahali wanapovuta pumzi na neno wanalolikazia, kisha aupe wimbo muda unaotosha kuyabeba hayo, usipungue wala usizidi. Ampe kila mwimbaji kitu cha kufanya ndani ya noti ndefu. Na watangazaji wa redio, ambao siku za msiba wa taifa hutafuta santuri za muziki wa taratibu ili kujaza nafasi baina ya matangazo, nawaomba waupige utungo mzima, tangu noti ya kwanza hata ya mwisho, na watutajie jina la mtunzi na la mpigaji.